Desemba kwa Desemba

Ubishi wa maneno matupu unanitia kichefuchefu. Nimefundisha hesabu sekondari hapa Moshi tangu ujana wangu, na nimecheza mpira wa kikapu mpaka magoti yakaomba talaka. Mtu akiniambia fulani ndiye bora kuliko wote, namwuliza swali moja tu: bora kwa kipimo gani? Wengi hunitazama kana kwamba nimewatukania mama.

Kwenye uwanja wetu wa mjini ubishi huo hauishi. Jumamosi jioni utawakuta vijana na wazee kwenye ngazi za saruji, wanagombania Wamarekani ambao hawatawaona maisha yao yote. Vijana wanasema wa leo angewafunga wale wa zamani huku anamenya ndizi. Wazee wanajibu kwamba wa leo angepigwa kiwiko kimoja tu cha enzi zile, akaenda benchi kulia. Nilikuwa nawaambia kila siku: jamani, mchezaji hupimwa na watu aliocheza nao, kwenye uwanja uleule na kwa sheria zilezile. Mwone aliwazidi wenzake kiasi gani, halafu ndipo umlinganishe na wa enzi nyingine aliyewazidi wenzake. Walinisikiliza kwa heshima, "sawa mwalimu, sawa", kisha wakarudi palepale.

Mimi ningewaacha waendelee hadi wachoke. Lakini mwaka jana kamati ya uwanja ikapiga lipu ukuta wa nyuma ya goli la juu, ikaamua ichorwe picha kubwa ya mchezaji bora kuliko wote waliowahi kucheza pale. Picha moja tu. Kikaoni yakatajwa majina mawili papo hapo. La kwanza lilikuwa la mwenyekiti wetu mwenyewe, nyota wa miaka ya tisini, ambaye siku hizi kitambi chake kinafika uwanjani kabla yake. La pili la kijana mmoja mrefu anayecheza sasa, ambaye timu za Dar zilikuwa zinammezea mate.

Nikanyoosha mkono nikasema kuna wa tatu. Dada yangu.

Walicheka, na wala si kwa ubaya. Walicheka kama watu waliosikia utani mzuri. Mwenyekiti akanipigapiga begani, "Mwalimu bwana! Kwa hiyo na wale wa netiboli tuwahesabu?" Basi hapo damu ikanichemka. Nikamwambia kwamba dada yangu hakucheza netiboli, alicheza kikapu, kwenye uwanja huohuo, wewe ukiwa bado unakimbizana na kuku wa mama yako. Nikasema nitaleta takwimu za wote watatu, na kamati iamue kwa takwimu. Walikubali, nadhani ili ninyamaze.

Dada ni kifungua mimba kwetu, na mimi ni kitinda mimba. Anaishi Kibosho, kwenye kihamba, shamba la ukoo alikoolewa, na kahawa yake, migomba yake na ng'ombe wake wawili wasiotoka bandani. Goti la kulia limeharibika, anatembelea fimbo. Alicheza miaka ya themanini, kabla uwanja wetu haujachorwa hata mstari wa pointi tatu. Mimi nilikuwa mtoto mdogo pembeni, nimeshikilia sweta lake. Namkumbuka vizuri: mfupi kuliko wengi, mkali, anageuka na mpira kabla mtu hajajua amegeukia wapi.

Nilipanda kwake kumpa habari. Nikamkuta anakata majani ya ng'ombe, nikamwamkia, akaniwekea kigoda. Nilidhani atafurahi. Aliendelea kukata.

"Huo ukuta siuhitaji," akasema. "Nitafanya nini na ukuta?"

"Sasa niache?"

"Nimekwambia uache?" Akaweka panga chini. "Mdogo wangu, rika langu linaisha. Tulikuwa timu nzima, sasa tumebaki wa kuhesabu kwa mkono mmoja. Tukiisha, nani atasema tulicheza? Wanangu wenyewe wanadhani nilikuwa nakwenda kushangilia. Nimewaambia mpaka nimechoka, wanasema, 'Ndiyo mama, ulikuwa unacheza,' hivyohivyo kama unavyombembeleza mgonjwa. Nataka nihesabiwe pamoja na wengine. Basi."

"Nitakuhesabu."

"Na usinibebe. Nakujua wewe. Ukinibeba, watasema mdogo mtu kapika namba. Nikianguka, niache nianguke."

Nilimwahidi.

Takwimu tulikuwa nazo. Palikuwa na mzee mmoja wa Kihindi, mwenye duka la vipuri mjini, aliyependa kikapu kuliko biashara. Kwa miaka na miaka alikaa mezani kila mechi, na kalamu zake mbili na chupa ya chai, akiandika nani kafunga na nani kacheza rafu. Alipofariki, watoto wake waliyaleta maboksi yake uwanjani, nasi tukaendelea kuandika kama yeye. Kila mtu alijua maboksi yapo stoo. Hakuna aliyekuwa na hamu ya kuyasoma, kwa sababu ubishi ni mtamu zaidi bila karatasi. Nikatumia likizo yote kuyaingiza kwenye kompyuta. Vumbi lilinitoa kamasi mpaka majirani wakaniletea tangawizi.

Tatizo la kwanza lilikuwa lile ninalolitaja kila mara. Huwezi kulinganisha pointi za themanini na za leo hivihivi. Zamani timu nzima ilitoka na pointi ambazo leo mtu mmoja anazipata akiwa na mafua. Uwanja ulikuwa na mashimo, mpira ukilowa unakuwa mzito, na kila kikapu kilikuwa pointi mbili hata ukirushia kutoka barabarani. Ribaundi, yaani mipira inayodakwa baada ya kukosa kikapu, yule mzee wa vipuri hakuziandika, kwa hiyo nikaapa kutosema neno lolote juu ya ribaundi. Nikachagua kipimo kimoja: katika pointi zote za timu, huyu alifunga sehemu gani?

Nilipoieleza kamati, niliona macho yao yanaelea kama ya Kidato cha Pili siku ya sehemu na asilimia. Nikawaambia, sikilizeni, mbuzi akichinjwa kwetu kila mtu ana fungu lake, si ndiyo? Mbuzi wa babu alikuwa mdogo, wa leo amenenepeshwa na pumba. Usiniulize nani alipata kilo nyingi. Niulize nani alipewa fungu kubwa la mbuzi aliyekuwepo. Mzee mmoja wa kamati akapiga goti lake, "Aaa! Fungu! Sasa si ungesema tangu mwanzo!"

Tatizo la pili nililigundua peke yangu, na nililigundua kwa kiburi. Nilipopanga mechi kwa miezi, Desemba ikasimama juu ya miezi mingine kwa namna ya ajabu. Kila mtu Desemba alikuwa shujaa. Watu wasiofunga kikapu mwaka mzima, Desemba wanamwaga pointi.

Mtu wa huku hahitaji kuambiwa sababu. Desemba Mchagga aliye Dar, Arusha, Mwanza, popote, anarudi nyumbani. Magari yanapanda mlima yamebeba magodoro na watoto. Na waliowahi kucheza hapa wanataka kucheza tena, timu zinaundwa kwa vijiji, Kibosho na Machame, Marangu na Rombo. Sasa mwambie mtu aliyetoka kumaliza bakuli la mtori, akashushia mbege, akaongeza nyama kwa sababu shemeji atakasirika, mwambie arudi nyuma kuzuia. Harudi. Anasimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni, anawatazama mkifunga. Na mwenyekiti wetu, Mungu amjalie, pointi zake nyingi za kujivunia zilikuwa za sikukuu. Alikuwa amewafunga watu walioshiba.

Nikakimbilia kikao kilichofuata. Nikasema kwa sauti kubwa: Desemba si mechi, Desemba ni karamu. Mechi zote za Desemba zinatoka kwenye hesabu, za kila mtu, wa enzi zote. Kijana mrefu, aliyekuja kusikiliza, akapiga makofi. Mwenyekiti akanuna kidogo kisha akasema haya, kama ni kwa wote, haki ni haki. Iliandikwa. Nilirudi kwangu Majengo natembea kama mtu aliyeshinda kesi.

Asubuhi yake nikafungua kompyuta, nikafuta Desemba. Mstari wa mwenyekiti ukabaki na mechi tele. Wa kijana ukabaki. Wa dada ukawa mweupe kabisa. Nikadhani nimebonyeza vibaya. Nikarudisha, nikafuta tena. Mweupe.

Yesu na Maria! Nilikaa pale kama niliyepigwa kofi na mtu nisiyemwona. Jamani, si nilikuwepo? Si mimi niliyeshika sweta? Wasichana hawakupewa uwanja miezi mingine. Jumamosi zote za mwaka ulikuwa wa wavulana, na msichana akisogea na mpira anaambiwa nenda kacheze netiboli. Desemba tu, mji ukijaa wageni, ndipo waliitwa wacheze mechi ya utangulizi, watu wachangamke kabla wanaume hawajaingia. Mchezo wote wa dada ulikuwa wa Desemba. Na mimi, niliyeapa kumhesabu, ndiye niliyesimama mbele ya wanaume wale nikamfuta, tena wakanipigia makofi.

Nililia, sifichi. Nililia kwa hasira. Kisha nikanawa uso, nikachukua kalamu. Kulia hakujawahi kurudisha namba.

Kurudisha Desemba yote tu nisingeweza, maana karamu ilikuwa karamu kweli, na mwenyekiti angepanda mbinguni kwa pointi za walioshiba. Kuiondoa kulimfuta dada. Nikazunguka chumba. Nikachemsha chai nikaisahau mpaka ikapoa. Halafu nikajiuliza swali ambalo huwa nawauliza wanafunzi: hawa watatu wanakutana wapi? Jibu lilikuwa mbele ya pua yangu. Wote watatu walicheza Desemba. Wote walikutana na watu wenye mtori tumboni. Basi tusiitupe Desemba. Tutupe miezi mingine yote. Tupime Desemba kwa Desemba, fungu kwa fungu.

Sikupiga hesabu yenyewe. Nataka hilo lieleweke. Namba zilikuwa palepale kwenye kompyuta, kidole kimoja tu, na nikaifunga. Nilijua nikiona jibu kwanza, nitaanza kutafuta sheria ya kulisaidia, na dada alishasema nisimbebe.

Kikaoni mwenyekiti aliniwakia, na hakuwa na makosa. "Juzi umesema Desemba itoke! Leo umeona dada yako hayupo, unageuza! Mwalimu, hii siyo hesabu, huu ni ujanja."

"Nimegeuza kwa sababu nilikosea," nikamwambia. "Sheria inayomfuta mtu kwa kuwa mlimnyima uwanja si sheria ya haki. Mlimpa mwezi mmoja. Haya, tukutane wote kwenye mwezi huo. Hata mimi sijui itatoka nini."

"Lakini alicheza na wasichana."

"Na wewe ulicheza na wanaume wenzako. Kuna ubaya gani? Kila mtu na aliocheza nao."

Akafikiri. Nikaona uso wake unaanza kung'aa, maana Desemba ndiyo iliyokuwa shamba lake. Alijua pointi alizowahi kumwaga siku moja baada ya Krismasi, na mji mzima ulizijua. "Desemba tupu?" akauliza. "Mechi zote za Desemba?" Nikasema ndiyo. "Basi mimi nakubali," akasema, akaegemea nyuma na kitambi chake, "asije mtu akalalamika baadaye."

Tukapanga tupige hesabu hadharani, Jumapili baada ya misa, palepale uwanjani, kila mtu aone. Nilimpigia dada simu. Sikumficha kitu, nikamwambia jinsi nilivyomfuta na nilivyomrudisha, na kwamba sijui jibu. "Nitashuka," akasema.

Alishuka na bajaji, amevaa kitenge cha kanisani na viatu vya raba. Nilimletea kiti, akakataa, akakaa kwenye ngazi za saruji na watu wengine, fimbo katikati ya magoti. Kijana mrefu akainama akamwamkia, "Shikamoo mama." "Marahaba." Hakuna aliyemwambia kijana kwamba mama huyo ndiye anayeshindana naye.

Nilileta ubao kutoka shuleni. Nikagawa karatasi, mimi nasoma, mwenyekiti mwenyewe anajumlisha kwenye simu yake, mzee wa fungu anahakiki. Sikutaka mtu aseme kapika. Pointi za timu nzima upande huu, pointi za mchezaji upande ule, mechi baada ya mechi.

Tulianza na mwenyekiti, kwa cheo chake. Pointi zake zilikuwa nyingi, watu wakapiga miluzi. Lakini kila nikisoma pointi za timu, nazo zilikuwa nyingi. Desemba kila mtu alifunga. Yeye alifunga, na beki wake alifunga, na yule jamaa aliyekuja na viatu vya ofisini naye alifunga. Mbuzi alikuwa mkubwa na watu waliokaa mezani walikuwa wengi. Nilimwona anapunguza kasi ya kubonyeza simu. Alipogawanya, alitazama jibu, akagawanya tena. Kisha akalitaja mwenyewe, kwa sauti ya chini, na namheshimu kwa hilo mpaka leo. Lilikuwa fungu zuri. Halikuwa lile alilolitegemea.

Akaja kijana. Fungu lake lilikuwa kubwa waziwazi, watu wakashangilia.

Nikasoma za dada. Pointi za timu yake zilikuwa chache, mtu mmoja nyuma akacheka, mzee wa fungu akamgeukia, "Wewe, nyamaza." Mechi ya kwanza, karibu nusu ya pointi za timu ni zake. Inayofuata, hivyohivyo. Inayofuata, zaidi. Watu wakasogea karibu na ubao. Mwenyekiti alikuwa anajumlisha kwa uangalifu sasa, kidole kimoja kimoja. Aligawanya. Akanionyesha simu, mimi niandike.

Nililisogeza jicho kutoka kwenye fungu la dada kwenda la kijana, kisha nikarudi. Nikahakiki mwenyewe. Mzee akahakiki. Kijana alikuwa mbele, kwa kidogo sana, kwa unywele. Lakini mbele.

Roho iliniuma jamani. Kidogo kile kilikuwa kikapu kimoja huku, kikapu kimoja kule. Na nilijua, kwa sababu hii ni kazi yangu, kwamba ningeweza kuchagua kipimo kingine kidogo tu pembeni, nikakitetea vizuri, na wote wangenisadiki. Nilishika chaki nikasimama. Kisha nikaandika ilivyokuwa, nikageuka nikasoma.

"Wa kwanza, kijana wetu wa sasa. Wa pili, dada yangu, wa miaka ya themanini. Wa tatu, mwenyekiti."

Kijana alibebwa juu juu na wenzake. Mwenyekiti akaja akanipa mkono, akaenda kwa dada akampa mkono pia, mikono miwili. Mimi nilibaki ubaoni. Sikuweza kumtazama. Nilijiambia nimemtoa mlimani na goti lile, nimemweka mbele za watu, ili ashindwe kwa mkono wangu.

Nikasikia fimbo inagonga saruji. Alikuwa amesimama, macho yakiwa ubaoni. Kelele zilipungua, maana watu waliona mama mzima amesimama anasubiri.

"Mwalimu," akasema. Maisha yake yote hajawahi kuniita hivyo. "Soma tena."

"Yote?"

"Wa kwanza tumeshamsikia. Soma wa pili." Akatoa simu kwenye kitenge, akainyoosha kuelekea kwangu. Ilikuwa hewani. "Polepole. Wanangu wanasikiliza."